Pochi ya mama

Juzi binti yangu alikuwa anapekua picha kwenye simu yangu, akafika kwenye moja akasimama, akaikuza kwa vidole viwili mpaka nikabaki mimi tu kuanzia kifuani kushuka, akauliza, "Mama, mbona pochi ya bibi umeishika wewe?" Nikamwambia bibi alinipa nimshikie. Akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi ndo sikuendelea.

Maana ukinitajia pochi na tumbo kwa pamoja mimi narudi moja kwa moja jukwaani, ule usiku niliocheza kile kipande changu cha maigizo.

Mwaka ule wote kikundi chetu kilikuwa kimepagawa na Eve Ensler, mwandishi wa tamthilia. Mwongozaji wetu ndo alituambukiza, kila mazoezi lazima atukumbushe kwamba yule Mmarekani mwaka 1996 alipanda jukwaani peke yake kusema yale ambayo wanawake wanayasema kwa kunong'ona kuhusu sehemu zao za siri, baada ya kuongea na wanawake zaidi ya 200, watu wakadhani basi, huyu kamaliza, aibu haimuwezi tena, kumbe 2004 huyoo anarudi na tamthilia nyingine, The Good Body, na safari hii tatizo ni tumbo. Tumbo! La kwake mwenyewe, la mtu aliyevuka miaka arobaini. Nilivyosikia hivyo nilicheka, nikasema aibu ni kama mpangaji sugu, unamtoa chumba cha mbele unamkuta keshahamia cha nyuma. Hapo hapo nikaamua na mimi naandika langu.

Nikaandika kila kitu. Mkanda wa kubana tumbo niliouanza kabla hata sijamaliza kukua, kulala nao, upele wa jasho chini ya matiti, na sauti ya mama. Wageni wakija, vuta tumbo. Tukipigwa picha, vuta tumbo. Mwongozaji akasema hapo ndo penyewe, hapo watacheka halafu watanyamaza, na mimi nikaona ni mstari tu kama mistari mingine. Mama nilimwalika, nikamtafutia na kiti kizuri. Kilichomo ndani sikumwambia.

Mpango ulikuwa niuvue mkanda mbele ya watu huku naongea. Una vikulabu safu mbili, vidogo vidogo, kwenye mazoezi nilikuwa navifungua hata bila kuangalia. Usiku ule vidole vyote jasho, kimoja kimeng'ang'ania uzi, navuta hakitoki, mstari unaofuata umeshanitoka kichwani, ukumbi kimya mpaka nasikia zile taa za juu zinavyovuma, mara mtu huko nyuma akapaza sauti "kata!", watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kile kicheko ndo kikakiachia. Tumbo likashuka. Namaanisha kushuka kweli, lilikuja mbele lenyewe, lina alama nyekundu za vikulabu kama limeshonwa, nikapumua mpaka chini kabisa, pumzi ambayo sijui niliiacha wapi miaka yote ile. Wanawake wa mbele wakaanza makofi. Mzuka ukanipanda, nikainua kidole, nikasema kwa sauti ya mama, na mimi kumuiga namuweza haswa, "Vuta tumbo, mwanangu!"

Walicheka mpaka viti vikalia. Na katikati ya kile kicheko nikamuona. Safu ya pili, pembeni. Hajanuna, hajacheka. Aliinama taratibu akaichukua pochi yake iliyokuwa miguuni, akaipakata, akaweka mikono miwili juu yake. Halafu akavuta tumbo. Niliona mabega yanavyopanda. Yuko gizani kule, hakuna anayemtazama isipokuwa mimi, na bado akavuta.

Sikumbuki nilimalizaje. Kuinama, makofi, kukumbatiana, nje mama akaniambia, "Umeongea vizuri. Ila mgongo ulikuwa umepinda." Basi. Mpaka leo hatujawahi kuligusa.

Siwezi kusema najuta, ile pumzi bado naikumbuka vizuri mno. Ila kuna siku najiuliza, yeye nani alimwambia avute? Lazima yupo mtu. Niliandika kurasa tisa za maisha yangu na hilo swali halikunijia hata mara moja, labda kwa sababu lingeharibu kichekesho, sijui. Na sasa hivi naandika tena, na bado sijamuuliza.

Kuhusu ile picha, nilimdanganya mtoto. Bibi yake hakunipa kitu. Mpiga picha alivyosema tusogeleane, mama alikuwa ameshaiweka pochi kwenye kiti, kasimama zake, mikono pembeni, na tumbo lake hilo hapo. Mimi ndo niliinama nikaichukua.