Mkanda wa rangi, jua la Dar na nyuso zetu

Wanaoanza kupiga picha kwa filamu huniuliza wanunue mkanda gani. Wengi wameshaona mtandaoni picha za msichana amesimama kwenye nyasi kavu za California jua likizama, wakaambiwa hiyo ni Portra, filamu ya rangi ya Kodak, basi wanataka hiyo hiyo. Mimi huwauliza: utampiga nani, na saa ngapi? Maana mkanda ule ule ukiupeleka Feri saa sita mchana, ukampiga mvuvi mweusi tii aliyekaa chini ya turubai na nyuma yake bahari inang'aa, hautakupa picha ya California. Utakupa kitu kingine, kizuri pia, ukijua namna ya kuulisha mwanga.

Tuanze na namna negativu ya rangi, yaani filamu inayotoa picha iliyogeuzwa, angavu ikawa giza na giza ikawa angavu, inavyofanya kazi, kwa sababu maamuzi yangu yote yanatoka hapo. Ndani ya filamu mna matabaka yenye chumvi za fedha: moja linahisi bluu, moja kijani, moja nyekundu. Wakati wa kusafisha, kila palipoguswa na mwanga panazaliwa rangi ya kinyume, manjano, majenta na sayani, kisha fedha yote inaondolewa, inabaki rangi tupu. Palipopata mwanga mwingi pamekuwa pazito. Palipokosa mwanga pamebaki uwazi, ile chungwachungwa ya filamu yenyewe, na hapo hapana kitu. Hakuna skana wala programu itakayotoa hapo uso ambao haukuingia. Lakini pazito, hata pakizidi kwa hatua mbili au tatu (kila hatua ni mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia), mambo mengi bado yamo. Aliyezoea dijitali hili humgeuza kichwa, maana kule anga ikishaungua imeungua, ila kivuli unaweza kukiinua baadaye.

Kwa hiyo mimi napima uso. Tena upande wa uso ulio kivulini, na anga naiacha ijitegemee. Mkanda wa ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga) naiambia kamera ni 200, ili iupe mwanga mara mbili. Chini ya mwembe, mchana, hiyo inaniweka karibu na sekunde 1/125 kwa tundu la lenzi la f/5.6, na ngozi inatoka imejaa, unaona mstari wa shavu, unaona jasho linavyong'aa juu ya mdomo. Kipima mwanga cha ndani ya kamera kinadhani kila unachokielekezea ni kijivu cha wastani. Ukikisogeza mpaka kikaona uso mweusi peke yake, kitaongeza mwanga, na kwa negativu hiyo ni heri. Ukikiachia fremu nzima yenye kanzu nyeupe na mchanga, kitapunguza, na atakayelipa ni mwenye uso.

Jua letu nalo lina tabia yake. Dar iko karibu digrii saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita linasimama utosini na macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Simpigi mtu juani saa hiyo kama kuna kibaraza karibu. Namwomba asogee ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka mwisho wake, ili mwanga wa barabarani umrudie usoni kutoka chini. Mchanga, ukuta uliopakwa chokaa, hata lami kavu vinafanya kazi hiyo bure.

Kwa nini nakazania uso hivi? Fungua albamu yoyote ya nyumbani ya miaka ya 80. Mama mdogo wangu aliolewa Tanga wakati huo. Shela lake linaonekana kila ua la lesi, keki inaonekana, mapazia ya ukumbi yanaonekana, na yeye mwenyewe ni macho na meno. Tulikua tukidhani ndivyo watu weusi wanavyotoka kwenye picha. Sivyo. Kwa miongo mingi Kodak walikuwa wakiwapelekea wachapaji wa picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley, jina la Shirley Page, mfanyakazi wao aliyepigwa zile za mwanzo. Mashine zilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa; ngozi nyingine zote zikafuata zitakavyo. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, aliyeongea na watu waliofanya kazi Kodak, ameandika kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha kahawia kwenye filamu ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Mbao na chokoleti! Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 90. Nikisoma habari hiyo namfikiria mama mdogo, na sioni kama nimezidisha ninapotumia dakika nzima kupima shavu la mtu.

Filamu za leo ni bora kuliko zile kwa mbali. Portra 400 ya sasa ilitoka mwaka 2010, ikachukua nafasi ya aina mbili za zamani, NC ya rangi tulivu na VC ya rangi kali, na ndiyo ninayoipa kazi yoyote yenye watu. Inavumilia kuzidishiwa mwanga, chembe zake ni ndogo, na kahawia inaigawa vizuri: weusi wa mtu wa Mtwara na maji ya kunde ya mwenzake vinakaa fremu moja bila mmoja kumfuta mwingine. Bei yake inauma. Ukiwa unajifunza nunua Gold 200, nayo ya Kodak, ni rahisi zaidi, rangi zake zina joto, na saa kumi na moja jioni ngozi yetu juu yake ina umanjano mzuri ambao Portra haina. Tangu 2022 inapatikana pia kwa kamera za 120, zile za mkanda mpana.

Ektar 100, ya Kodak pia, naipenda kwa vitu. Kanga zilizoanikwa, mitumbwi iliyopakwa rangi, mapipa ya mafuta, milango ya bluu. Nyekundu yake ni nyekundu kweli. Kwa watu siitumii, kwa sababu inavuta wekundu usoni, na ukiipunja mwanga vivuli vyake vinageuka bluu. Fuji Pro 400H, ambayo kijani chake cha miembe baada ya mvua sijakiona kwingine, Fujifilm walitangaza kuiacha Januari 2021. CineStill 800T ni filamu ya sinema ya Kodak iliyoondolewa tabaka jeusi la nyuma, ndiyo maana taa zinavaa duara jekundu. Usiku Forodhani, kwenye moshi wa mishikaki, inapendeza sana, ila usiitumie kila mahali ikawa pambo. Phoenix ya Harman, ya Uingereza, ile ya kwanza iliyotoka mwisho wa 2023, kwa watu siitumii. Vivuli vyake vinafunga haraka mno kwa nyuso ninazozipiga mimi.

Mikanda yangu mingi inakuja na ndugu wanaotoka Ulaya. Ninachowasisitizia: isiwekwe kwenye begi la mizigo, na kwenye zile mashine mpya za ukaguzi za CT (zenye miale mikali inayoharibu filamu) za viwanja vya ndege isipitishwe; waombe ikaguliwe kwa mkono. Ikifika inaingia friji, kwenye mfuko uliofungwa, na siku ya kutumia naitoa mapema ikae nje saa kadhaa kabla ya kufungua kikopo, la sivyo unyevu wa hewa yetu utatua juu yake. Na kamera yenye mkanda haiachwi ndani ya gari.

Kusafisha nafanya mwenyewe nyumbani. Filamu zote nilizotaja zinasafishwa kwa utaratibu mmoja, C-41, wa tangu 1972: dawa ya kwanza kwenye joto la digrii 37.8 za Selsiasi, dakika tatu na sekunde kumi na tano, na joto halitakiwi kuyumba hata nusu digrii. Wenzetu wa nchi za baridi wananunua vyombo vya kupashia maji. Hapa maji ya simtanki mchana yameshafika karibu. Birika moja la moto kwenye beseni linamalizia, na chupa za dawa zinakaa humo mpaka kipimajoto kitulie. Kisha dawa ya kutolea fedha, maji, dawa ya mwisho, na mkanda unaning'inia bafuni feni ikiwa imezimwa, maana vumbi la barabara ya mtaani kwetu likishakauka juu ya filamu halitoki.

Kwenye skana ndipo kazi nzuri hupotea. Programu nyingi, zikiachiwa zijiamulie, zinageuza negativu kwa kutafuta wastani, na uso mweusi unaojaza fremu zinaupausha mpaka unakuwa wa majivu. Mimi nazima marekebisho yote ya moja kwa moja, nachagua kitu ninachokijua rangi yake, kanzu au ukuta, nasawazisha hapo, halafu ngozi naiacha ikae inapokaa. Ukipeleka kwa mtu akuskanie, mwambie hivyo hivyo kwa mdomo, tena kabla hajaanza: usimng'arishe mtu.

Jumamosi nina harusi Magomeni. Portra 400 nimeitenga kwa ajili ya uani mchana, na Portra 800 kwa ukumbini usiku. Bibi harusi ana ngozi kama ya mama mdogo wangu, na shela ni jeupe pee. Picha nitaziweka hapa zikikauka, wenyewe wakiridhia.