Kopo la Rangi la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi redio pale Majengo, Moshi, na kibandani kwake spika zilizoliwa na panya zilikuwa nyingi kuliko redio zinazoongea. Likizo ya mwezi wa sita nilishinda naye, kazi yangu kushika tochi na kuokota skrubu. Baridi ya Moshi miezi hiyo si ya kusimuliwa. Mlima hauonekani, na mwaka ule wateja nao walikuwa hawaonekani. Basi mjomba akaanza michezo yake.

Alichukua kopo tupu la rangi la lita 4, akalitoboa ubavuni, akapachika kona ya bomba la maji na kuziba pembeni kwa gundi. Mdomoni akavutia puto lililokatwa shingo, likakaza kama ngozi ya ngoma, akalifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.

"Nenda kwa bibi yako ukaombe chumvi."

Chumvi ya bibi ilikuwa imeshika unyevu, ikabidi aikaange kwanza, huku analalamika kwamba kibandani kwa mwanawe hakijawahi kwenda kitu kikarudi. Mjomba aliinyunyiza juu ya puto, kidogo kidogo, kwa vidole viwili.

"Haya, weka mdomo hapo kwenye bomba, uimbe."

Niliimba "aaa". Chumvi ikacheza ovyo. Nikapandisha sauti polepole, bado vurugu tu, halafu nikafika mahali fulani na chembe zote zikatimka kila moja kwenda kwake: pete, ndani yake pete nyingine, na msalaba uliokata katikati. Nilishtuka nikanyamaza. Mchoro ukabaki pale pale.

Mjomba akanieleza kwamba mpira ukitikisika si wote unaoruka. Zipo sehemu zinazotulia, na chumvi ikifukuzwa huku hukimbilia kule. Nilidhani ni uvumbuzi wake. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba Mjerumani Ernst Chladni alichapisha michoro ya namna hiyo mwaka 1787, akitumia mchanga juu ya bamba alilolisugua ukingoni kwa upinde wa fidla. Na kwamba mwaka 1885 mwimbaji wa Wales, Margaret Watts Hughes, alitengeneza eidofoni, chombo chenye bomba la kuimbia na ngozi ya mpira. Yaani kopo la mjomba, ila la kistaarabu.

Mimi nilichokoza zaidi. Nilichukua poda ya mtoto, nikaimba sauti ile ile, na poda ikafanya kinyume: ikajikusanya vilima vidogo vinavyotetemeka, palepale chumvi ilipokuwa inapakimbia. Mjomba alikuna kichwa, akasema poda ina kiburi. Jibu alikuwa nalo Michael Faraday tangu 1831: unga mwepesi hubebwa na hewa inayozunguka juu ya kitu kinachotikisika, ukapelekwa kwenye mtikisiko mkubwa. Chumvi ni nzito, haibebeki hivyo.

Jioni kwaya ya usharika ilipita kwenda mazoezini, na hapo ndipo kibanda kilipojaa. Kila mtu alitaka kuona sauti yake. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alipanda juu hadi mistari ikawa mingi na myembamba, watu wakapiga vigelegele. Akafuata mzee wa besi, mtu wa kifua, tunayemtegemea Pasaka na Krismasi. Akaunguruma. Ikatokea pete moja.

"Miaka yote hii naimba pete moja?"

"Mzee, sauti nzito mistari yake ni michache," mjomba akamwambia kwa adabu. "Ndivyo ilivyo."

Mzee hakuridhika. Alidai chumvi ibadilishwe.

Mwalimu wa kwaya alikuja kuwatafuta akiwa amenuna, akatazama kidogo, kisha akanyamaza kama mtu anayepiga hesabu. Sauti ya pili walikuwa wanashuka kila wimbo, na siku zote walikana. Aliimba noti yao mwenyewe, mchoro ukatokea safi. Akawaita mmoja mmoja waurudishe. Wa kwanza akaimba, chumvi ikacheza ovyo. Wa pili, ovyo vilevile. Wa tatu alijivuta juu kidogo tu na pete zikajipanga.

"Mmeona?" mwalimu akasema. "Leo si mimi ninayesema."

Mama mmoja wa sauti ya pili alikunja kanga yake begani. "Mwalimu, sisi tunaimba vizuri. Hilo kopo ndilo liko juu."

Mazoezi yalianza usiku, na kopo lilikwenda nao.