Upanga wa Petro na Sikio la Malko

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili moyo wangu umelemewa na jambo lililotokea katika kanisa moja hapa kisiwani Mombasa. Binti aliyekuwa amejitenga na ushirika kwa muda mrefu alikuja ibadani akiwa na mtoto mchanga begani, na kabla hajaketi, mzee mmoja akamsomea aya ya uasherati mbele ya watu. Alipoulizwa sababu, mzee alijibu kwa utulivu kabisa kwamba Neno la Mungu ni upanga ukatao kuwili. Binti akaondoka kabla ya wimbo wa pili. Tangu hapo nami nimekuwa nikipekua Biblia nitafute aya ya kumkata nayo yule mzee, na ninakiri kwamba ninazo kadhaa zenye makali ya kutosha. Katika kupekua huko nikafika Yohana 18, na Petro akanisimamisha.

Usiku ule bustanini wanafunzi walikuwa na panga mbili tu, kama Luka anavyotuambia, nao walikuwa wanakabiliwa na kikosi kizima cha askari. Petro alifuta upanga wake kwa upendo wa kweli. Hakuna anayeweza kusema hakumpenda Bwana. Lakini alikuwa mvuvi, mtu wa nyavu, na huenda alilenga kichwa akaambulia sikio. Aliyeumia hakuwa kuhani mkuu aliyepanga njama, wala Yuda aliyeuza; alikuwa Malko, mtumwa, mtu aliyetumwa. Bwana akamwambia Petro arudishe upanga alani mwake, na Luka anaongeza kwamba aligusa lile sikio akamponya mtu huyo.

Kisha Yohana anatupa jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Petro alipokuwa anaota moto uani kwa kuhani mkuu, aliyemuuliza kwa mara ya tatu kama hakumwona bustanini alikuwa jamaa yake yule aliyekatwa sikio. Hebu litazameni hilo kwa makini. Angewezaje kumshuhudia mtu huyo habari za Yesu, ilhali alilomtendea ndugu yake lilikuwa la usiku ule ule? Bidii ya bustanini ndiyo iliyomfunga kinywa uani. Alikana kwa kuogopa, ndiyo, lakini hofu ile upanga wake mwenyewe ulikuwa na sehemu ndani yake.

Sisi watu wa Mombasa tunapaswa kulielewa neno hili kuliko wengine, kwa maana limeandikwa katika mawe ya mji wetu. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao penye mlango wa bandari, wakaipa jina la Bwana wetu, kisha wakaiwekea mizinga. Mwaka 1614 Sultani Hasan aliuawa kwa hila zao, na mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, koloni lao huko India, akalelewa na watawa wa Agostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarudishwa hapa kuwa mfalme Mkristo. Historia inamtaja kwa jina la Chingulia. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni, na Wakristo wengi waliokataa kuikana imani wakauawa. Wale waliokufa tunawakumbuka kwa heshima, wala sisemi damu yao ilikuwa halali. Ninachouliza ni hiki: mtoto yule aliyefundishwa sala na watu waliohusika na kifo cha baba yake, aliisikia Injili kwa sikio gani? (Na mtu asiichukue habari hii kuwa fimbo ya kuwapigia majirani zetu Waislamu, atakuwa hajaielewa hata kidogo.)

Wahenga walisema amani haiji ila kwa ncha ya upanga, na waliotawala pwani hii, Wareno na Waomani kwa zamu zao, waliishi kana kwamba methali hiyo ni sheria. Tenzi zetu nazo zimejaa mashujaa na panga zao. Hata hivyo Fumo Liyongo, aliyewashinda wote, alikufa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma alikuwa mwanawe. Jeraha la mtu wa nyumbani hufika pale ambapo silaha ya adui haifiki.

Sasa niseme na ninyi mnaopenda kuitaja Waebrania 4:12, ile aya ya upanga ukatao kuwili, na najisemea mimi pia. Upanga ule umeshikwa na nani? Aya inayofuata inasema vitu vyote vi utupu mbele za macho yake yeye tunayepaswa kumjibu. Maneno yale waliandikiwa waamini waliokuwa katika hatari ya kufanya mioyo yao migumu, ili wajichunguze wao kwanza. Tena anayekomea aya ya 12 hajafika ya 16, ambapo tunaitwa tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema. Tunathubutuje kumsomea mwenye dhambi ya 12 mlangoni, halafu ya 16 tuibakize kwa ajili yetu?

Mtazameni muuza madafu pale ufukweni Mama Ngina. Panga lake limenolewa hata linang'aa. Hulizungusha dafu kiganjani, hulichonga upande huu na upande huu, na pigo la mwisho hufungua tundu dogo bila kumwaga maji. Ukali ule wote ni kwa ajili ya mwenye kiu. Ndugu yangu, dada yangu, kama unayo aya kali juu ya mtu, jiulize kwanza kama unamjua vya kutosha kujua ana kiu ya nini. Kama humjui, iache aya yako alani, umpokee mtoto begani mwake, umtafutie kiti, umuulize habari za nyumbani. Likiwapo neno la kuonya, litasemwa faraghani, na mtu aliyekwisha kulia pamoja naye.

Petro yule yule, siku ya Pentekoste, alisimama Yerusalemu mikono mitupu. Aliwaambia waziwazi kwamba Yesu ndiye waliyemsulibisha, hakupunguza neno, lakini alisema kama mtu aliyemkana Bwana akasamehewa. Luka anaandika kwamba walichomwa mioyo yao. Hakuna aliyekimbia, waliuliza, "Tutendeje, ndugu zetu?", na siku ile wakaongezeka watu wapata 3,000.

Juma hili tusome Yohana 18 na Matendo 2 pamoja, na tumwombee binti yule na mzee yule katika sala moja.