Alfajiri Sukari ya Mama Iliposhuka

Kwa miaka mingi dua yangu ilikuwa moja: sukari ya mama ishuke. Ilipokuja kushuka kweli, tulikuwa wodini, hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, na mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa tezi ya pituitari siku chache nyuma.

Waliingilia puani, wakatoa uvimbe uliokuwa umeota kwenye tezi hiyo iliyo chini ya ubongo, ambayo kwa kawaida haizidi punje ya njegere. Pua ilikuwa imezibwa, mama anapumua kwa mdomo, midomo imekauka hadi inapasuka. Alikatazwa kupenga kamasi, kuinama, na kunywa kwa mrija. Mimi niliyekuwa namuuguza nilipewa daftari: niandike kila kikombe cha maji alichokunywa na kila mkojo uliopimwa kwenye jagi, maana tezi hiyo ikiguswa, mwili unaweza kushindwa kubana maji. Sukari nayo tulipima asubuhi, mchana na usiku.

Nirudi nyuma kidogo. Mama alikuwa mgonjwa wa sukari isiyosikia dawa. Kila akienda kliniki dozi ya insulini inaongezwa, na mashine bado inasoma 14, 16, hata 18. Alikula ugali wa dona kipande kidogo, mchicha, samaki wa kuchemsha. Kliniki moja nesi alimwambia mbele ya foleni nzima kwamba wanaokula halua kwa siri wanajulikana. Nyumbani, shangazi yangu naye akawa anahesabu vitumbua vilivyobaki kwenye hotipoti. Mama hakugombana na mtu. Alikuwa akiniambia tu, "Mwanangu, mimi najua ninachotia mdomoni."

Hakuna aliyeiunganisha sukari na mengine. Pete ya ndoa ilikatwa na sonara kwa sababu ilikuwa haitoki. Viatu vilipanda kutoka namba 39 hadi 42. Sauti ikawa nzito, meno ya chini yakaachana, usiku anakoroma. Na jasho! Hata Julai, kanga ililoa mgongoni. Siku moja daktari wake hakuwepo, akamwona daktari kijana, na huyo ndiye aliyemshika mikono, akaigeuza, akaomba aletewe picha ya mama ya zamani. Damu ikapimwa IGF-1, kipimo kinachoonyesha kama homoni ya ukuaji imezidi, na kichwa kikapigwa picha ya MRI. Ilikuwa akromegali: uvimbe kwenye tezi ya pituitari unamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi kwa mtu mzima ambaye mifupa yake haiwezi tena kurefuka, kwa hiyo inapanuka.

Huyohuyo ndiye aliyetufumbulia habari ya sukari. Homoni ya ukuaji na insulini huvutana. Insulini inaifungulia sukari iingie kwenye misuli. Homoni ya ukuaji inaamuru mafuta yamwagwe kwenye damu, misuli inayachoma hayo na kuikataa sukari, na ini nalo linaendelea kutoa sukari yake. Kwa kiasi chake ni ulinzi, hasa mtu akikaa muda mrefu bila kula. Ndiyo maana watoto wachanga wenye upungufu wa homoni hiyo sukari yao inaweza kushuka hadi wakapata degedege. Ikizidi, kongosho linalazimika kumwaga insulini bila kupumzika, na mwisho linachoka. Nilikuja kusoma kwamba mtafiti Bernardo Houssay wa Buenos Aires, Argentina, aliuona uhusiano huu zamani sana: aliwatoa tezi ya pituitari mbwa waliokuwa na kisukari, na kisukari chao kikapungua makali. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Nilipoisoma nilishikwa na hasira. Jambo lilishajulikana miaka yote hiyo, na mama yangu anasemwa kwa ajili ya vitumbua.

Basi, alfajiri ile. Adhana ilikuwa imekwisha, mama amelowa jasho chapachapa. Kwa mama jasho halikuwa habari, na nesi wa zamu alipita akasema, "Joto la Dar hilo." Lakini mkono nilioushika ulikuwa wa baridi, na vidole vilitetemeka hadi kucha zikawa zinagonga chuma cha kitanda. Kisha mama akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, akaniuliza kama mashua imeshafika.

Nikamtoboa kidole. Mashine ikahesabu, ikaandika 2.9.

Sikuwahi kuona namba inayoanza na mbili kwenye mashine ile. Nilimwita nesi kwa sauti iliyoamsha wodi nzima. Alikuja mbio, akapima tena mwenyewe, akavuta dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye sindano na kuisukuma taratibu kupitia kanula iliyokuwa mshipani. Robo saa baadaye ilisoma 6.1. Mama akanitazama akasema, "Mbona umesimama hivyo? Kaa."

Daktari alipopigiwa simu alisimamisha insulini, akaagiza damu ipimwe kotisoli, kwa kuwa tezi iliyoguswa inaweza kushindwa kuiamuru homoni hiyo nayo, na ikikosekana sukari hushuka vilevile. Kotisoli ilikuwa nzuri. Maelezo yakabaki moja: homoni ya ukuaji ilikuwa imeporomoka, insulini imekosa mpinzani, na dozi iliyokwisha kupunguzwa baada ya upasuaji bado ilikuwa kubwa mno kwake.

Siku zile zile uso ulianza kupungua na viganja kulegea. Taya halikurudi, maana huo ni mfupa. Kilichoondoka ni uvimbe wa nyama na maji. Aliruhusiwa kwa vidonge vya kisukari vya metfomini, bila sindano, na tarehe ya kurudi baada ya wiki 12 kupimwa IGF-1.

Shangazi alifika siku ya kuruhusiwa. Mama, akiongea kwa tabu, alimwomba daktari arudie maelezo yote mbele ya wifi yake. Daktari akarudia, bila haraka.

Shangazi akauliza, "Kwa hiyo hata angekula mchicha mtupu?"

"Ingepanda tu, mama."

"Umesikia, wifi?" mama akasema.

Shangazi akasema amesikia. Usiku ule alipiga simu kwa ndugu mmoja mmoja, Tanga hadi Mombasa, akiwaeleza habari ya tezi.