Nilivyoachana na grisi kwenye bawaba za mashine ya kubana vyuma chakavu

Kifuniko cha mashine yetu kinasukumwa na silinda ya haidroliki yenye kipenyo cha milimita 160, kwa presha ya bari 250. Ukipiga hesabu unapata nguvu ya takriban kilonyutoni 500, sawa na uzito wa tani 50, na yote inapita kwenye pini moja ya bawaba yenye kipenyo cha milimita 100. Pini hiyo ilikaa ndani ya bushi, yaani vipande vya bomba vinavyoishika pini, za shaba nyeusi. Zilitiwa grisi kila zamu, na bado zililika upande mmoja hadi kifuniko kikaanza kukaa mshazari na kulia kila kinapofungwa.

Lawama zote ziliangukia grisi: eti ni hafifu, eti mtu wa zamu amesahau. Mimi nilitazama mwendo wenyewe. Shafti inayozunguka kwa kasi huvuta mafuta chini yake na kuelea juu ya utando wa mafuta. Pini ya bawaba hugeuka robo ya mzunguko taratibu, ikasimama, ikarudi. Utando haupati nafasi ya kujijenga, na mzigo unaikamua grisi hadi pembeni, chuma kikabaki juu ya chuma palepale penye uzito mkubwa. Grisi iliyokamuliwa nayo haiendi mbali. Inakaa mdomoni mwa bushi ikinasa vumbi la chuma na kutu. Kila tulipochomoa pini tulikuta tope jeusi ambalo ukilisugua kati ya vidole unasikia chembe.

Ndipo nikapendekeza bushi zinazojilainisha zenyewe. Nilipima aina mbili. Ya kwanza ni shaba yenye vipande vya grafaiti vilivyopachikwa, ambayo ni nzuri sana penye joto kali. Ya pili ni nyuzi za kioo zilizozungushwa kwa epoksi, yaani gundi inayoganda ngumu, na ndani yake tabaka jembamba lenye nyuzi za tefloni, plastiki telezi. Nilichukua ya pili, kwa sababu pini yetu hupinda kidogo ikibeba, na bushi ya nyuzi hunyumbuka kiasi pale kingoni badala ya kuchimbika. Pia haishiki kutu.

Kabla ya kuagiza nilifanya hesabu ambayo naona haikwepeki. Mzigo unagawanywa kwa kipenyo mara urefu wa bushi. Tuna bushi mbili za urefu wa milimita 80, hivyo eneo ni milimita za mraba 16,000 na mgandamizo ni MPa 31 hivi, yaani nyutoni 31 kwa kila milimita ya mraba. Bushi za aina hii hubeba zaidi ya MPa 100 kwenye mwendo wa polepole. Kasi nayo: pini kugeuka digrii 90 kwa sekunde 10 ni kama milimita 8 kwa sekunde. Zidisha mgandamizo kwa kasi, linganisha na kikomo cha katalogi. Sisi tulikuwa chini yake kwa mbali.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye pini. Nasisitiza hili kwa sababu watu hununua bushi nzuri kisha wanarudishia pini ya zamani yenye mikwaruzo. Tefloni hufanya kazi kwa kuhamia: inaacha utando mwembamba juu ya chuma, kisha tefloni inateleza juu ya tefloni. Pini yenye uso mbaya huila bushi kama tupa kabla utando haujashika. Tulikereza pini mpya, ikakolezwa ugumu juu ya HRC 50 (kipimo cha ugumu wa chuma), ikapakwa kromiumu ngumu, ikasagwa na kung'arishwa hadi ukwaruzo wa Ra mikroni 0.4.

Kufunga kulikwenda vizuri. Bushi ziliingizwa kwa presi, zikisukumwa na kishikizo chenye bega, bila nyundo hata mara moja. Kumbuka kwamba bushi ikishabanwa, tundu la ndani hupungua karibu kiasi kilekile ilichobanwa, kwa hiyo nafasi ya pini nilipima baada ya kubana. Usipanue tundu kwa kukwangua, maana tabaka la kulainisha ni jembamba. Uchomeleaji wote wa masikio ya bawaba ulimalizika kwanza: joto lile huharibu epoksi, na tefloni ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Kisha ikaja siku ya kuziba nipeli za grisi, yaani vitundu vya kuingizia grisi kwa pampu. Fundi mkubwa wetu, mtu ninayemheshimu, alisimama akatikisa kichwa.

"Kijana, pini kavu hiyo itakwama."

"Mzee, tukitia grisi utando hautashika vizuri, na vumbi tutakuwa tumelirudisha wenyewe."

Hakuridhika, lakini alikubali tuzibe kwa skrubu ili wa zamu ya usiku asije na pampu yake kwa mazoea. Mdomoni tukaweka sili za mpira.

Mwanzoni geji ilionyesha bushi inalika kwa haraka kidogo, na unga mwembamba ukatoka pembeni. Niliutarajia, ndio wakati utando unajengeka. Baadaye kipimo kikatulia karibu pale pale. Tulipochomoa pini kukagua, sehemu inayobeba ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Mzee mwenyewe aliisugua kwa kitambaa. Haikutoka. Akaniuliza bawaba za mkono wa kukatia zina kipenyo gani.

Roli za mkanda na shafti ya pampu sikuzigusa. Kule mwendo ni wa kasi usiokoma, na bushi ya nyuzi hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo zimebaki na beringi zake za gololi na mafuta yake. Kwa mkono wa kukatia nimeshaanza hesabu. Mgandamizo uko sawa, ila ule hupokea mshtuko kila unapokata, kwa hiyo nimeomba bushi ndefu zaidi kabla ya kuagiza chochote.