Siku moja gereji Kigoma: Aqua ya dagaa na haibridi iliyotolewa WRC

Mimi ni fundi magari hapa Kigoma mjini, upande wa Mwanga, na siku hizi kazi nyingi zinazonijia ni za haibridi, yaani gari zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, Aqua, Prius, Fit, Noah moja moja. Na rali, pamoja na WRC yaani ubingwa wa dunia wa rali, ndo ugonjwa wangu toka niko mdogo. Watu wananiuliza sana haya mambo ya magari ya umeme kwenye rali yameishia wapi, basi nimeona niandike siku yangu ya Jumamosi maana siku nzima tuliongelea hilo hilo huku mikono iko kazini.

Saa moja na nusu asubuhi nafungua gereji. Dogo ninayemfundisha kazi keshafika, kafagia, na nje kuna Aqua imepaki, ya dada mmoja anayefanya biashara ya dagaa, anatoa mzigo Kibirizi anasambaza mpaka Kasulu. Ananiambia "kaka, imewasha taa ya pembetatu nyekundu na gari imekosa nguvu, fundi wa kwanza kasema betri kubwa imekufa nitafute milioni." Nikamwambia dada tulia kwanza, betri haihukumiwi kwa taa. Tukachomeka skana. Vipande kumi vya betri vinasoma volti karibu sawa vyote, hakuna kilichoanguka, ila joto la betri liko juu mno na feni inaombwa izunguke kwa spidi yote. Hapo fundi anayeijua Aqua keshapata jibu, lakini lazima ufungue uone kwa macho.

Saa tatu tunaanza kufungua na hapa huwa sina haraka hata mteja anune vipi. Unazima gari, funguo unaweka mbali, unatoa waya wa hasi wa betri ndogo ya volti 12, unavaa glavu za umeme (sio za kuoshea vyombo jamani, nimeona mafundi wanafanya hivyo), unachomoa ile plagi ya usalama unaiweka mfukoni mwako wewe mwenyewe ili mtu asije akairudisha, halafu unasubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye inveta (kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uende kwenye mota) uishe, unapima, ndo unagusa. Betri ya Aqua ni volti 144, ile ya Prius inapita 200, huo umeme haukupi nafasi ya pili.

Katika zile dakika 10 dogo akauliza, sasa kwenye rali gari inapiga mti na dereva yuko ndani inakuwaje? Nikamweleza kwamba Rally1, gari za daraja la juu la WRC, za haibridi zilivyoanza kwenye rali ya Monte Carlo Januari 2022, ile ambayo dereva Mfaransa Loeb alishinda na Ford Puma, kila gari ilikuwa na taa za kuonyesha hali ya umeme. Ikiwa kijani unasogea, ikiwa nyekundu hakuna kugusa, hata kama wewe ni shabiki uliyezoea kusukuma gari likipinduka, unakaa pembeni unasubiri waliofundishwa. Na hiyo sio woga wa bure, maana Julai 2023 pale Lydden Hill Uingereza, kwenye rallycross (mbio fupi za kuzunguka kiwanja) ya magari ya umeme, moto uliteketeza Lancia mbili za timu moja, na moja ilikuwa ya kuendeshwa na Loeb huyo huyo, mashindano yakasimamishwa. Dogo akaangalia glavu zake tena.

Tukatoa siti ya nyuma. Njia ya hewa ya kupoza betri kwenye Aqua iko hapo hapo chini ya siti, na huyu dada hapo ndo anapopanga magunia. Kichujio kimegeuka kuwa kitu kama blanketi, vumbi jekundu la kiangazi limeshikana na magamba na vichwa vya dagaa, ukikibonyeza hakibonyei, na mapanga ya feni yamejaa tope kavu mpaka yamekuwa manene. Betri inanyimwa pumzi tu. Tukasafisha kwa brashi laini na upepo, sehemu za shaba zilizoanza kuota kijani tukazisugua, tukarudisha kila kitu. Gharama yake haikufika hata robo ya ile milioni ya watu.

Saa saba kwa mama ntilie, ugali na mgebuka, na hapo ndo pana bunge. Kuna mzee wetu mmoja aliendesha malori miaka mingi, anaijua Safari Rally toka enzi zile inapita nchi zote tatu, maana ilipoanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nikamwamkia, kabla sijakaa akanitandika swali: "Fundi, wewe si unasema haibridi ndo mpango mzima, mbona wenyewe WRC wameitoa?" Watu wakacheka.

Nikamwambia mzee wangu, ni kweli wameitoa, msimu wa 2025 Rally1 zimeanza bila umeme, lakini uliza kwa nini. Uwezo ilikuwa nao, mota ya kilowati 100 na betri ndogo ya kilowati-saa 3.9, dereva akikanyaga breki inavuna umeme, akitoka kona inamrudishia, ukijumlisha na injini unapita nguvu za farasi 500. Dereva wa Toyota, Rovanperä, alichukua ubingwa wa dunia 2022 na 2023 na gari hiyo hiyo, na Safari ya 2022 pale Naivasha Toyota walimaliza wa kwanza mpaka wa nne, wote haibridi, kwenye lile vumbi laini la fesh-fesh linaloingia mpaka kwenye meno. Kwa hiyo usiniambie haiwezi Afrika.

Shida ni kwamba lile boksi lilikuwa limefungwa. Muuzaji mmoja tu, Compact Dynamics wa Ujerumani, timu zote zinachukua kwake, na fundi wa timu haruhusiwi kulifungua. Fikiria fundi wa Toyota au wa Hyundai, mtu anayebadilisha giaboksi kwa dakika chache akiwa amelala chini, mbele ya lile boksi yeye ni mtazamaji. Likipata shida linatolewa linarudi kwa mwenyewe. Gharama zikapanda, uzito ukapanda, na mwishoni mwa 2024 FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wakasema basi, gari likashushwa kutoka kilo 1,260 mpaka 1,180. Mimi naamini kabisa kwamba kilichoshindwa pale ni ule utaratibu, umeme wenyewe haujashindwa. Hii Aqua ya leo ingekuwa imefungwa kwa sheria vile dada yetu angelipa milioni kwa sababu ya vumbi na vichwa vya dagaa.

Mzee akatafuna kwanza. Akasema "hapo umenijibu, lakini ya umeme mtupu hiyo usinidanganye." Na kwa hilo mi nakubaliana naye kwa sasa.

Saa tisa nikatoka kuijaribu, nikapanda nayo mpaka Mwandiga nikageuza. Kwenye mteremko wa kurudi mjini unaachia mafuta unagusa breki kidogo, mshale wa kuchaji unashuka chini kabisa, betri inajaa bure, na joto limetulia. Dada alikuwa kakaa siti ya pembeni anaangalia skana kuliko mimi. Nikamwomba kitu kimoja, gunia lisizibe ile njia ya hewa, na kila baada ya miezi michache aje tusafishe.

Saa kumi na moja tunaosha vifaa dogo akarudi kwenye ile ya mzee, umeme mtupu kwa nini hauwezi. Nikamwambia umeshaanza, Ujerumani walianzisha kombe la rali la Opel Corsa za umeme mwaka 2021, ila Safari ina zaidi ya kilomita 350 za mashindano halafu weka na kutembea kutoka hatua moja kwenda nyingine, hiyo betri utaichaji wapi porini na kwa muda gani? Audi waliliona hilo kwenye Dakar, ile rali ndefu ya jangwani, wakaweka mota za umeme zinazungusha matairi na injini ya petroli kazi yake kuzalisha umeme tu, haijaungwa na tairi lolote. Dereva Carlos Sainz mkubwa akashinda nayo Januari 2024 kule Saudia, jangwani. Dogo hakuniamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu, akaikuza akitafuta giaboksi.

Sheria mpya za WRC zinaanza 2027, bei ya gari imewekewa kikomo cha euro 345,000, na kwa kuanzia ni injini ya kawaida na mafuta yasiyotoka kwenye petroli ya kuchimba. Dogo anasema haibridi ndo imekufa hivyo. Mi nasema itarudi, tena bei ya seli inavyoshuka, na safari hii nataka waruhusu mafundi wafungue. Tumebishana mpaka saa moja usiku tunafunga geti. Jumatatu kuna Prius inatoka Uvinza, vipande viwili vya betri vimeanguka kweli, na dogo ndo atakayevaa glavu.