Kama alivyokuwa akifanya tokea hapo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii maombi yamekuwa mazito kwangu. Nimepiga magoti na maneno hayakuja. Nimefungua Neno, macho yakapita juu ya mistari na moyo haukushika kitu. Kila aliyeokoka siku nyingi anazijua siku za namna hii, ingawa hatupendi kuzitaja tukisimama kushuhudia. Katika hali hiyo nilikuwa nikisoma Danieli sura ya 6, sura ambayo hata watoto wa Shule ya Jumapili wanaisimulia bila kitabu. Safari hii sikufika kwenye tundu la simba. Niliishia mstari wa 10: Danieli alipojua kwamba amri imekwisha kutiwa sahihi, ya kwamba anayemwomba yeyote isipokuwa mfalme atupwe kwa simba, aliingia nyumbani mwake, dirisha likiwa wazi kuelekea Yerusalemu, "akapiga magoti mara tatu kila siku, akasali, akashukuru mbele za Mungu wake, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo."

Siku ile mbaya Danieli hakuanzisha kitu kipya. Hakutangaza mfungo wa dharura wala hakukimbilia mlimani. Alifanya alichokifanya jana na juzi.

Na tumtazame huyu ni mtu wa aina gani. Alichukuliwa mateka kwenda Babeli akiwa kijana, siku za Yehoyakimu mfalme wa Yuda. Sasa Babeli yenyewe imeshaanguka, mwaka 539 kabla ya Kristo, naye ni mzee aliyeishi ugenini zaidi ya miaka 60. Wala si mzee aliyepumzishwa. Mfalme mpya, Dario, ameweka maamiri 120, juu yao wasimamizi 3, na Danieli ni mmoja wa hao watatu. Tena mfalme anawaza kumweka juu ya ufalme wote. Fikiria barua zilizomngoja, mashauri, hesabu za mali ya mfalme, watu wamejaa mlangoni. Lakini mara tatu kwa siku mtu huyu hakupatikana kwa ajili ya mtu yeyote.

Adui zake walilijua hilo vizuri kuliko rafiki zake. Mtego wao wote ulisimama juu ya jambo moja, kwamba Danieli hatakosa saa yake. Jiulize: mtu akitaka kukutega wewe kwa saa yako ya maombi, aje saa ngapi?

Amri yenyewe ilikuwa ya siku 30 tu. Angeweza kufunga dirisha, akaomba moyoni, mwezi ukapita, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini dirisha lile lililoelekea Yerusalemu halikuwa la maonyesho. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu aliwaombea watu watakaochukuliwa mateka mbali, wakimwomba Mungu kwa kuielekea nchi yao, na mji, na nyumba ile, basi asikie huko mbinguni (1 Wafalme 8). Danieli alikuwa akiishi ndani ya ombi la mtu aliyekufa karne nyingi kabla yake. Asingelifunga kwa sababu ya tangazo la mwezi mmoja.

Hapa naomba niseme nasi wenyewe, kwa upendo lakini waziwazi. Kuna neno limezoeleka katikati yetu: "mambo yakitulia." Mambo yakitulia nitarudi kwenye Neno. Mambo yakitulia nitaanza kulala mapema. Mambo yakitulia nitamtafuta ndugu yangu tuliyekosana. Wapendwa, mambo hayatulii. Ya kazi yakitulia yanaanza ya watoto, ya watoto yakitulia mwili unaanza kuuma. Na hapo tunaposema hatuna nafasi, simu imeshapata nafasi yake. Ndiyo kitu cha kwanza mkono unachokitafuta kabla macho hayajafunguka vizuri. Tunasoma ugomvi wa watu tusiowajua, tunatazama maisha ya waliojipamba, na kabla mguu haujagusa sakafu moyo umeshajaa wivu, hofu na haraka. Kisha tunamuuliza Mungu mbona hatuna amani.

Ndugu yangu, dada yangu, hiyo nayo ni ibada ya asubuhi. Ina saa yake, na wewe huikosi hata siku moja. Uwezo wa kushika desturi unao, ila umeuweka mahali pasipokulisha.

Nishuhudie jambo. Mama yangu alipolazwa kwa mara ya mwisho, usiku nilikuwa naketi kwenye benchi la korido. Muuguzi alipita na toroli ya dawa, gurudumu moja likilia kila lilipozunguka. Nilitaka kumwombea mama. Mimi ambaye huombea wengine mbele za watu sikuwa na sentensi hata moja. Kilichokuja ni Zaburi ya 121: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, Msaada wangu utatoka wapi?" Sikuichagua. Ilipanda yenyewe mstari kwa mstari, mpaka pale anaposema Bwana atakulinda utokapo na uingiapo. Ilikuwapo mdomoni kwa sababu mama mwenyewe alitusomesha zaburi hiyo kila jioni tulipokuwa wadogo, mara nyingi tukisinzia, mara nyingi tukiikimbiza tu ili tukalale. Jioni zile hakuna aliyebubujikwa na machozi, na kama ungeniuliza ningesema hazinijengi chochote. Maji hufuata mkondo, na mama alikuwa ameuchimba mkondo huo miaka mingi kabla ya mafuriko.

Kwa hiyo siyadharau tena maombi ambayo hayana ladha. Usipime asubuhi yako kwa ulivyojisikia. Ulisoma, ukaomba kwa sauti ya uchovu, ukaamka ukaenda kazini. Shetani atakuambia hapakuwa na kitu hapo. Mwambie hajui anachokisema. Kuna siku itakuja ambayo hutakuwa na nguvu ya kuanza jambo lolote, na siku hiyo utabebwa na yale uliyoyafanya ulipokuwa huoni faida.

Kuna jambo katika sura ya 9 limenishika sana. Ni mwaka wa kwanza wa Dario, Danieli anasoma vitabu, anakutana na neno la nabii Yeremia kuhusu ile miaka 70 ya Yerusalemu kukaa ukiwa, anaanza kuomba. (Mzee wa umri ule, mwenye kazi zile, bado anasoma! Sisi wa miaka 30 tunasema tumechoka.) Akiwa anaomba, malaika Gabrieli anamfikia, na Danieli anataja ilikuwa wakati gani: wakati wa dhabihu ya jioni. Dhabihu gani? Hekalu lilichomwa mwaka 586 kabla ya Kristo. Kwa karibu miaka 50 mahali pale hapakuwa na nyumba ya Bwana wala kuhani wa zamu. Lakini ndani ya Danieli jioni bado ilikuwa na saa hiyo. Aliipangia siku yake kwa ibada iliyokuwa imebomolewa, na ni katika saa hiyohiyo jibu lilimkuta. Wewe uliyeondokewa, uliyevunjikiwa ndoa, uliyepoteza kazi uliyoijenga kwa miaka, usiache saa yako kwa sababu nyumba haipo. Endelea kuiitika.

Tena mstari ule wa 10 wa sura ya 6 unasema "akashukuru." Amri imetiwa sahihi, simba wapo, naye anashukuru. Ni kinywa kilichokuwa kimezoea. Hata Paulo anaposema yu radhi na hali yoyote aliyo nayo, anasema amejifunza, na kujifunza huenda siku kwa siku.

Mengine niyaguse kwa kifupi. Kulala ni jambo la kiroho. Nabii Eliya, alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu, alipewa usingizi na mkate kwanza, ndipo akasemeshwa. Hasira isikeshe nawe. Mama mwenye mtoto mchanga asijilinganishe na mtu mwenye asubuhi tulivu. Aombe akinyonyesha, Bwana anamsikia. Na usikate tamaa mapema kwa sababu uliambiwa tabia hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba kwa kawaida inachukua kama siku 66, wengine 18 tu, na wengine kwa makadirio hadi 254. Ulikuta pia kwamba kuruka siku moja hakubomoi kilichojengwa. Sisi tulikuwa tumeshaambiwa kwamba rehema zake ni mpya kila asubuhi.

Kwa hiyo uliyeacha muda mrefu, usianze kwa kulipa madeni ya miezi, ukijipangia saa mbili za maombi na sura 10 kwa siku. Utachoka kabla ya Jumatano. Mana, chakula Waisraeli walichopewa na Mungu jangwani, ikiwekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu. Waliambiwa waokote ya siku kwa siku. Chukua mistari mitano. Tafuta mwenzako mmoja, mtumiane neno moja tu mkimaliza: "nimesoma." Akinyamaza siku mbili, mtafute, usimhukumu.

Anayetaka tusome pamoja, wiki hii tunachukua Danieli 9, mstari wa 1 mpaka wa 19, kidogo kila asubuhi, simu ikiwa bado imezimwa. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.